Hospitali ichaguliwe kwa kufikiria siku ya kutoka

Hapa Katuba, Lubumbashi, mwanamke akiambiwa kwamba safari hii hatazaa kwa njia ya kawaida, kwamba itabidi apasuliwe, swali linalozunguka uani ni lile lile: "Kwa daktari gani?" Wifi anamtaja mmoja mwenye mkono mwepesi. Jirani anamtaja mwingine, aliyempasua binti yake hata kovu halionekani. Mama wa kanisani anaisifu kliniki mpya ya ghorofa, yenye vigae vinavyong'aa na runinga pale watu wanaposubiri. Wote wanasema kwa wema. Lakini tangu nianze kulala hospitalini kulinda wagonjwa wa ukoo wetu, bado sijamsikia anayeuliza: usiku wa kwanza, saa nane, damu ikianza kulowesha shuka, nani atakuwa macho? Wala anayeuliza: siku ya kutoka, pale langoni, tutadaiwa nini?

Mimi nasema hayo mawili yatangulie. Daktari anakaa na mama muda wa saa moja hivi, pengine na nusu. Siku zote zinazofuata mama yuko mikononi mwa hospitali yenyewe: wauguzi wake wa usiku, damu yake iliyohifadhiwa, jenereta yake, na yule anayeketi nyuma ya dirisha la malipo.

Katika mji huu hatukosi pa kuchagua. Tuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Katuba, hapa hapa kwetu. Tuna Jason Sendwe, hospitali kubwa ya mkoa. Tuna Cliniques Universitaires, za chuo kikuu chetu. Kuna ya Gécamines na ya SNCC, zilizojengwa kwa ajili ya watu wa shaba na watu wa reli. Kisha ziko za makanisa, na polikliniki za watu binafsi ambazo zinaongezeka kila mwaka. Sitaandika hapa kwamba nendeni hii, acheni ile. Hospitali moja inaweza kuwa nzuri mwezi wa tatu na kuharibika mwezi wa saba, muuguzi mkuu akihamishwa au jenereta ikifa. Ndiyo maana lazima mtu aende akaone kwa macho yake.

Mama yangu hakuwahi kuchagua. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, na mke wa mfanyakazi alijua pa kwenda: hospitali ya kampuni. Alifika na kitambaa chake na karatasi ya mume, akazaa, akalala, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwonyesha fakture. Mpango huo ulianza zamani, tangu Union Minière ya Wabelgiji ilipoona kwamba ikitaka wafanyakazi wakae, lazima wake zao na watoto wao waishi. Ulikuwa mpango wa bwana kwa faida ya bwana, sisemi vingine. Lakini watoto walizaliwa mle, na mimi ni mmoja wao. Halafu kampuni ikadhoofika, mishahara ikakaa bila kulipwa miezi na miaka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa ule mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Baba alikuwa mmoja wao. Alipokea pesa zake mara moja, na siku hiyohiyo haki ya mke na watoto kutibiwa ikaisha. Kwa hiyo kizazi chetu kilijikuta kinanunua matibabu bila kufundishwa kununua. Sokoni tunajua kubonyeza nyanya na kupima unga kwa macho. Mbele ya koti jeupe tunainamisha kichwa, tunasema "ndiyo, daktari".

Mwaka uliopita ilikuwa zamu ya mkwe wangu, mke wa kijana wangu wa kwanza. Mtoto wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, usiku, kwa haraka, baada ya uchungu wa muda mrefu ambao haukuzaa kitu. Mimba ya pili ilipofika, daktari wa kliniki ya wajawazito alipima, akasoma fishi ya zamani, akasema nyonga ni nyembamba na safari hii tusingoje uchungu, tupange siku. Akaeleza vizuri kwamba siku hiyo isiwe kabla ya wiki ya 39 kama hakuna hatari inayolazimisha, kwa sababu mtoto anayetolewa mapema mara nyingine anahangaika kupumua. Neno hilo tulishike wote. Nimesikia tarehe ya mama mmoja ikiletwa mapema kwa wiki mbili kwa kuwa daktari ana safari. Ukiambiwa tarehe, uliza ni wiki ya ngapi. Na ukiambiwa utapasuliwa wakati hujawahi kupasuliwa na mtoto amelala vizuri, uliza kwa nini, na ungoje jibu. Kupasuliwa kunaokoa maisha pale panapohitajika. Pasipohitajika ni jeraha na deni.

Wengine katika ukoo hawakufurahi. Mzee mmoja alisema mwanamke kamili anasukuma. Mchungaji fulani alitaka maombi kwanza. Niliwajibu kwa heshima kwamba tutaomba, na siku itabaki ileile. Lakini aliyekuwa na neno la mwisho ni mkwe wangu mwenyewe, kwa maana tumbo ni lake. Nimeona mara nyingi tukikaa kikao cha wakubwa kumhusu mwanamke ambaye yuko jikoni anapika chai ya kikao.

Faida ya operesheni iliyopangwa ni muda. Aliyeshikwa ghafla usiku hachagui. Anapelekwa pale pikipiki inapoweza kufika. Sisi tulikuwa na miezi, na tukaamua kuitumia.

Niliacha cherehani, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kuzunguka. Nakushauri, msomaji, usiende asubuhi. Asubuhi kila hospitali ni safi, madaktari wamejaa, sakafu inanuka dawa. Nenda baada ya jua kutua, na chakula mkononi, kama mtu anayemletea mgonjwa. Keti kwenye benchi la materniti. Hesabu wauguzi na wakunga unaowaona, halafu hesabu vitanda. Mahali pamoja nilikuta mkunga mmoja peke yake, na ndiye aliyekuwa anazalisha chumba cha pili, huku kina mama watatu waliopasuliwa wamelala bila mtu zaidi ya mashangazi zao. Alikuwa anafanya kazi kwa moyo, jasho linamtiririka. Sikumlaumu. Nilijua tu kwamba mkwe wangu hatalala pale.

Kwa nini nasisitiza usiku? Kwa sababu hatari haiishi pale mtoto anapolia. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Global Health lilitoa uchunguzi wa madaktari wa Kiafrika katika nchi 22 za bara letu. Walifuatilia akina mama zaidi ya 3,600 waliopasuliwa. Karibu mmoja kati ya kila 200 alifariki, kiasi cha mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Yaliyowaua zaidi yalikuwa kuvuja damu na matatizo ya dawa ya usingizi. Kwetu Kongo hesabu ya jumla inatisha zaidi: uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta vifo vya akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mimi si mtu wa sayansi, ila nimekaa kando ya vitanda vya kutosha kuelewa maana yake. Damu ya hatari mara nyingi inakuja ndani ya saa 24 za kwanza. Inakuja kimya. Mama anasema ana baridi, anataka kulala, na shangazi anayemlinda anafurahi kwamba amepumzika. Anayeweza kutofautisha usingizi na kuzimia ni muuguzi anayepita kupima presha, kubonyeza tumbo kuona kama kizazi kimekaza, na kuangalia pedi. Kwa hiyo uliza: usiku wa kwanza mnampima mama kila baada ya muda gani, na mnaandika wapi? Hospitali inayofanya kazi hiyo itakuonyesha karatasi yenye saa na namba. Isiyofanya itakuambia, "Usiwe na wasiwasi, mama."

Kisha damu yenyewe. Kuna hospitali ambako ikihitajika damu, familia inapewa kikaratasi na kuambiwa ikatafute. Nimemwona baba mmoja akiondoka na pikipiki, mvua ya Januari inapiga, barabara za Katuba zimekuwa tope, hajui hata aanzie upande gani wa mji. Uliza kama damu ya kundi la mgonjwa wako iko mle ndani siku ya operesheni, na kama imepimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mjue kundi lake mapema, na kama ni hasi mjue zaidi, maana hasi ni adimu. Kwa kuwa siku imepangwa, ndugu wanaweza kwenda kutoa damu kabla. Kijana wangu na rafiki zake walikwenda hivyo, na damu hiyo haikuhitajika kwa mkwe wangu. Nadhani ilimsaidia mwingine.

Umeme nitausema kwa ufupi, kila mtu wa Lubumbashi anajua. SNEL, shirika la umeme, inakata inapotaka, hata katika mji unaoishi kwa shaba. Usiulize kama kuna jenereta, wote watasema iko. Uliza kama ina mafuta leo, na umwombe mlinzi akuonyeshe. Walinzi wanasema ukweli. Na uliza hewa ya oksijeni, ya mama na ya mtoto, na nani anamwangalia mtoto akizaliwa mchovu.

Jambo moja zaidi la siku zile za kulala pale. Hospitali ya mbali, hata ikiwa bora, inataka mtu wa kupeleka chakula kila siku. Kwetu hospitali haipiki. Ni sisi tunaobeba uji, halafu supu, halafu bukari na sombe mgonjwa akiruhusiwa. Mama aliyepasuliwa haruhusiwi kubeba ndoo, kuinuka kwenyewe kunamuuma, na bado anatakiwa kumnyonyesha mtoto tangu saa ya kwanza. Anahitaji mikono ya mtu. Kwa hiyo tulipima kilomita pia. Tuliacha hospitali moja ya mjini niliyoipenda kwa sababu nisingeweza kufika pale mara mbili kwa siku na kurudi kwa watoto waliobaki nyumbani, na tukachukua nyingine iliyokuwa na wauguzi wawili usiku, damu ndani, na njia ninayoweza kuitembea kwa miguu ikibidi. Shirika la Afya Duniani linataka hata aliyezaa kawaida akae saa 24 chini ya uangalizi, kisha aonwe tena siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita. Mwenye jeraha anahitaji zaidi ya hapo. Hospitali ikiwa ng'ambo ya mji, miadi hiyo inakufa; mama anaona homa kidogo, anasema atakwenda kesho, na usaha unaendelea ndani.

Sasa nifike langoni, maana ndipo panaponiuma.

Mwaka 2018 wanahabari wa shirika la Associated Press walitembelea hospitali na kliniki zaidi ya 20 hapa Lubumbashi. Isipokuwa moja tu, zote zilikuwa zinawazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Hazikuficha. Wakubwa wake walieleza mchana kweupe, kama unavyoeleza saa za kufungua ofisi. Sisi wa Katuba hatukuhitaji kuambiwa na wageni. Kila barabara ina mwanamke aliyewahi kukaa wiki baada ya kupona, mtoto mgongoni, mlinzi mlangoni, ukoo unazunguka kukopa. Na kila siku anayokaa inaongeza bei ya kitanda, kwa hiyo deni linakua wakati yeye amefungiwa asitafute pesa. Nimeshiriki chakula changu na mmoja wao. Alikuwa muuza mkaa. Jeraha lake lilikuwa limekwisha kukauka. Aliniuliza kama nje mvua ilikuwa imeanza, kwa kuwa mkaa wake aliuacha uani bila turubai.

Hiyo ni kumfunga mtu kwa deni. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 17, inasema uhuru wa mtu ndio kanuni na kuzuiliwa ni jambo la pekee linalotaka sheria. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976 ilipokuwa Zaire, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya malipo. Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili limefika mahakamani. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa pesa, mmoja wao akilazwa sakafuni karibu na choo. Mahakama ikasema kuwazuia kulikuwa kinyume cha haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Hapa kwetu nani atakwenda mahakamani? Muuza mkaa?

Najua jibu la hospitali, na si jibu la uongo. Wauguzi wa serikali wengi wanasubiri mshahara usiofika, au wanapokea posho ya kununua sabuni. Hospitali inaishi kwa kile mgonjwa anacholipa: glavu, nyuzi, mafuta ya jenereta, hata balbu. Mgonjwa akitoroka, anayeumia ni mkunga yule niliyemwona peke yake usiku. Kinshasa, mwezi wa tisa 2023, serikali ilizindua mpango wa kuzaa bure, na ukaanza kupanuliwa kwenye mikoa. Ni jambo jema kabisa, na kila familia iulize hospitali yake waziwazi: mmo ndani ya mpango au hapana, na kupasuliwa kumo au hakumo, na dawa je? Maana "bure" inayosemwa redioni na "bure" ya dirishani zinaweza kuwa vitu viwili. Lakini hata pale serikali haijaweka senti, udhaifu wake haumpi mtunza fedha ruhusa ya kumgeuza mama kuwa rehani.

Njia iliyo mikononi mwetu leo ni kudai bei nzima, kwenye karatasi, kabla ya kisu. Nasema nzima. Tulipouliza mara ya kwanza tulipewa namba ya mdomo, nzuri, ya kuvutia. Nikaketi. Nikauliza: humo mna dawa ya kuzuia usaha inayochomwa kabla ya kupasua? Hapana, hiyo mtanunua. Mna dawa ya usingizi na mtu wa usingizi? Anadai pembeni. Nyuzi? Kitanda ni siku ngapi? Siku zikizidi? Mtoto akihitaji kuwekwa kwenye kuvezi, ile mashine ya joto? Damu? Kutoa nyuzi na kufunga kidonda baada ya kwenda nyumbani? Cheti cha kuzaliwa? Yule kijana wa dirishani alianza kuchoka, lakini aliandika. Namba ya mwisho ilizidi ile ya mdomo karibu theluthi nzima. Hakuwa amekusudia kutuibia. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamwomba atie muhuri na tarehe. Akasema si desturi. Nikasema nitamngoja mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasoma, akatia muhuri.

Hospitali nyingine tuliyokwenda ilikataa kuandika chochote. "Tutaona baada ya operesheni," walisema. Hapo pia nilishukuru, kwani walinijibu swali langu kabla sijalipa.

Ukiwa na karatasi, pesa inaweza kupangwa. Sisi tuna likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya wanawake wa barabara yetu, washonaji, wauza samaki, mwalimu mmoja. Kwa kawaida zamu inakwenda kwa kura. Tulikaa tukakubaliana kwamba mwenye tarehe ya kupasuliwa apewe zamu ya mwezi huo, na wengine wasogee. Hakuna aliyenung'unika, kwani kila mmoja ana binti. Mume naye akawa na namba ya kutafuta badala ya hofu isiyo na kipimo. Na sehemu ndogo tuliiweka kando kwa ajili ya yale yasiyopangwa, kwani jeraha halisomi karatasi.

Mkwe wangu alipasuliwa, mtoto wa kike, akalala siku alizoandikiwa. Usiku wa kwanza muuguzi alipita, akapima, akaandika, akapita tena. Siku ya kutoka tulilipa namba iliyo kwenye muhuri na dawa moja ya nyongeza, tukatoka kwa mlango wa mbele.

Lakini nataka kusema juu ya wale wanaotoka kwa ukuta. Wapo. Usiku, kwa msaada wa ndugu, mwanamke mwenye kidonda cha tumbo anapanda ukuta wa hospitali na mtoto anapokelewa upande wa pili. Watu wanacheka wakisimulia. Mimi sicheki, kwa sababu nimeona kinachofuata. Anayetoroka hawezi kurudi kutoa nyuzi. Hawezi kurudi mtoto apimwe. Na hana karatasi ya operesheni. Karatasi hiyo inaandika kizazi kilikatwa vipi, upande gani, kwa ulalo au wima, na nini kilitokea. Mimba ikija tena, daktari anahitaji kuijua ili aamue kama mama anaweza kujaribu kuzaa kawaida au asithubutu. Mwanamke mwenye deni anaogopa hata kuingia kliniki ya wajawazito, asije akatambuliwa. Anakaa nyumbani. Uchungu unaanza nyumbani, juu ya kizazi chenye kovu, na kovu linaweza kupasuka. Basi lile lango lililofungwa kwa ajili ya deni la mimba ya kwanza linakuja kuua katika mimba ya pili, miaka miwili baadaye, chumbani, na hospitali haitaandika kifo hicho katika daftari lake.

Ndiyo maana ninawaomba akina mama waliopasuliwa, waliolipa na wasiolipa, wadai nakala ya karatasi hiyo kabla ya kutoka. Ni habari ya mwili wao, haifai kushikwa kwa sababu ya pesa. Ya mkwe wangu tumeifunika plastiki, iko pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto.

Na ninamwomba mganga mkuu wa eneo la afya la Katuba, ambaye hospitali na vituo vyote vya kwetu viko chini ya macho yake, aagize jambo ambalo halihitaji pesa ya Kinshasa. Kila mahali panapopasuliwa wanawake, bei nzima ya operesheni na siku za kulala ibandikwe ukutani penye dirisha la malipo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku. Anayeshindwa kumaliza siku ya kutoka asaini ahadi ya kulipa kidogo kidogo mbele ya mkuu wa barabara, achukue mtoto wake na karatasi zake, aende. Wengine hawatalipa, ni kweli. Muuza mkaa wangu alilipa. Alilipa yote, baada ya ndugu kuuza kitanda, na alichelewa kutoka kwa wiki ambazo mkaa wake wote ulilowa.